Maji Safi, Maji Salama: Nani Atunze Bomba la Kijiji?

Kwenye mabango ya miradi na hotuba za uzinduzi, maneno "maji safi na salama" yamefuatana kwa miaka mingi mpaka wengi wetu tunayasikia kama neno moja. Mkanganyiko unaanzia hapo. Mwanakijiji wa miteremko ya Mlima Meru anachota maji ya chemchemi meupe, baridi, yasiyo na harufu, kisha anaambiwa na mtaalamu kwamba hayamfai mtoto wake. Mwenzake wa kanda ya ziwa anafungua koki, anasikia harufu ya dawa, anayamwaga na kurudi kwenye kisima cha wazi akiamini huko ndiko kwenye maji ya asili. Wa tatu hana hata la kuchagua. Kilula cha kuchotea maji kimekauka tangu mwezi uliopita, na kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwingine: kamati inasema mota imeungua, chombo cha jamii kinachotoa huduma ya maji kinasema watu hawalipi, watu wanasema walishalipa, diwani anasema suala limefikishwa wilayani.

Ubora wa maji, bei yake na matengenezo ya mabomba hujadiliwa kana kwamba ni mambo ya ofisi tatu tofauti. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ni jambo moja. Bomba lisilotunzwa haliwezi kutoa maji salama hata kama chanzo chake ni kizuri. Maji yasiyoaminika watu hawayalipii. Na pasipo malipo hakuna wa kulitunza bomba. Anayetaka kujua nani abebe mzigo huu Tanzania vijijini, lazima aanze na maji yenyewe.

Jicho halipimi maji

Hatari za maji ni za aina mbili, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni vijidudu vitokanavyo na kinyesi. Kiwango kinachokubalika ni kwamba bakteria wa E. koli asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji. Vijidudu hufanya kazi haraka: leo mtu anakunywa, baada ya siku chache anahara. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoani na Zanzibar, na kilichukua muda mrefu kuzimwa. Lakini aina hii ina tiba rahisi. Kuchemsha kunaviua, na klorini inaua vilivyo vingi.

Aina ya pili ni kemikali zilizoyeyuka: floraidi katika ukanda wa volkano wa kaskazini, chumvi katika visima vya pwani vilivyochimbwa karibu na bahari au kuvutwa kupita kiasi. Hizi huumiza polepole, kwa miaka. Na hapa ushauri tuliouzoea unageuka. Kuchemsha hakuondoi floraidi wala chumvi. Maji yanapopungua kwa mvuke, kilichomo kinabaki na kukolea. Mama anayechemsha maji kwa uangalifu kila jioni katika kijiji chenye floraidi nyingi anamwokoa mtoto na kuhara, lakini hamwokoi na meno ya kahawia.

Klorini nayo inastahili maelezo kuliko inavyoyapata. Maji yakitiwa dawa na kuachwa nusu saa, sehemu ya klorini inatumika kuua vijidudu, na sehemu ndogo inayobaki inayalinda njiani mpaka kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota. Harufu ile nyepesi ambayo wengi huichukulia kuwa dalili ya sumu ndiyo dalili kwamba ulinzi umefika kwenye koki. Wapo wanaoamini kwamba dawa hii inaharibu uzazi. Kwa viwango vya maji ya kunywa, imani hiyo haina msingi. Lakini uvumi haukui bila mbolea. Kijiji kinachotiliwa dawa bila kuelezwa, leo nyingi na kesho hakuna, kina kila sababu ya kushuku.

Wala dawa yenyewe si ghali. Tenki la lita 50,000 likitiwa miligramu 2 kwa lita linahitaji gramu 100 za klorini, yaani kama gramu 154 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Hicho ni kiasi cha konzi chache. Ugumu uko kwingine: mtu wa kupanda kwenye tenki kila linapojaa, siku za mvua na siku za msiba, akiwa na mzani, ndoo ya kukorogea, na unga uliohifadhiwa mahali pakavu usipoteze nguvu. Ukifikiri vizuri, hilo ni suala la ajira.

Kutoka maji ya bure hadi vyombo vya jamii

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Serikali ilijenga, serikali iliendesha, na mwananchi hakulipa. Nchi wafadhili ziligawana mikoa: Finland Mtwara na Lindi, Denmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden mikoa ya ziwa. Kila mmoja alikuja na pampu yake na utaratibu wake. Kisha yakaja miaka ya bei kubwa ya mafuta, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni. Mashine za dizeli zilikosa dizeli, pampu zikakosa vipuri, na fundi wa wilaya alikosa hata gari la kumfikisha kijijini. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa.

Sera ya Maji ya mwaka huohuo ilianza kugeuza usukani, na Sera ya 2002 ikakamilisha mgeuko huo: jamii ichangie sehemu ya ujenzi na ibebe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Sera hiyo iliweka pia kipimo ambacho kimetawala takwimu zetu kwa miaka mingi, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Tazama vipimo hivyo vilivyo. Namba zake zinahesabu wingi, umbali na idadi ya watu. Kituo kinachotoa maji yenye vijidudu kinaweza kuingia kwenye hesabu ya waliofikiwa na huduma bila kuvunja hata moja ya namba hizo.

Matokeo hayakuwa mazuri. Taarifa ya shirika la WaterAid ya 2009 kuhusu Tanzania ilieleza kwamba vituo vilivyokuwa vikitoa maji vilikuwa zaidi kidogo ya nusu, na kwamba miongoni mwa vile vyenye umri wa miaka miwili tu, robo vilikuwa vimeshakufa. Si uchakavu huo. Mradi wa miaka miwili unakufa kwa kukosa mlezi.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019 ilikuwa jibu la hali hiyo. Iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019 na kuchukua jukumu lililokuwa mikononi mwa halmashauri. Chini yake vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa, na kinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu wanaolipwa. Kwenye karatasi, ni hatua kubwa kutoka kwenye kamati ya kujitolea. Uwanjani, vyombo vingi bado ni kamati zilizobadilishiwa jina.

Bomba linavyokufa

Mradi wa maji haufi siku moja. Unaanza na uvujaji mdogo kwenye maungio, unaoachwa kwa kuwa maji bado yanafika. Kwa sababu ya uvujaji, tenki halijai, na mgao unaanza: leo kitongoji hiki, kesho kile. Bomba likikaa bila maji, msukumo wa ndani unapotea, na mahali palepale palipokuwa pakitoa maji nje sasa panavuta ndani. Maji ya dimbwi, ya shimo la choo lililo karibu, ya mtaro wa ng'ombe, yote yana njia ya kuingia. Maji yakirudi, mchotaji wa kwanza anapata kilichoingia usiku. Hivi ndivyo tatizo la fundi linavyogeuka kuwa tatizo la zahanati.

Kisima cha pampu ya mkono kina njia yake ya kuugua. Sakafu ya saruji inayozunguka pampu ikipasuka, maji yanayomwagika na kukanyagwa na mifugo hurudi chini kisimani. Ufa wenyewe ungezibwa kwa mfuko mmoja wa saruji. Lakini pampu bado inatoa maji, kwa hiyo hakuna anayehesabu kwamba kuna kilichoharibika.

Juu ya yote kuna msimu. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji ya paa, wanarudi kwenye mito na madimbwi yaliyo karibu, na mapato ya kilula yanashuka. Wakati huohuo mafuriko yanabeba vinyesi na tope hadi kwenye vyanzo, na maji ya tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Yaani miezi ambayo maji yanahitaji dawa na uangalizi zaidi ndiyo miezi ambayo mfuko wa maji hauna kitu. Hesabu yoyote ya bei isiyoona jambo hili itashindwa kila masika.

Umeme wa jua umepunguza gharama za kusukuma maji kwa kiwango kikubwa, na hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini umeleta mtego. Dizeli ililazimisha watu kuchanga, kwa kuwa isiponunuliwa leo, leo hakuna maji. Jua halidai. Kijiji kinaona maji yanakuja bila gharama na kinaacha kukusanya, mpaka siku mota au kidhibiti umeme kinapoungua, na bei ya kipuri kimoja ni mamilioni ambayo hayakuwekwa.

"Maji ni haki, serikali ibebe yote"

Kuhusu nani abebe mzigo huu, ipo misimamo minne. Wanaoshika huu wa kwanza wana msingi mzito. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Mkazi wa kijijini analipa kodi kwa kila anachonunua. Kwa nini alipie na kusimamia mwenyewe huduma ambayo mwenzake wa mjini anaendeshewa na mamlaka yenye wahandisi? Hesabu pia iko upande wao. Kaya ya watu 5 ikitumia lita 25 kila mtu inahitaji kama ndoo 6 za lita 20 kwa siku. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, hiyo ni shilingi 300 kwa siku, kama 9,000 kwa mwezi, kwa familia ambayo mara nyingi inashika fedha msimu wa mavuno tu. Na bei hiyo ya ndoo ni sawa na shilingi 2,500 kwa uniti, yaani lita 1,000.

Udhaifu wake ni historia ile ya 1971. Serikali ikibeba kila kitu, koki iliyoharibika kijijini inashindana na barabara, dawa na mishahara katika bajeti moja, na inashindwa. Mfuko wa Taifa wa Maji unapata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na fedha hizo zimesukuma ujenzi kweli. Lakini ujenzi una siku ya kukata utepe. Matengenezo hayana. Fedha ya pamoja ikiachwa bila uzio itaelekea kwenye mradi mpya kila mara, kwa sababu huko ndiko kuna macho.

"Mradi ni wa wananchi, wautunze wenyewe"

Huu ndio msimamo uliotawala kwa zaidi ya miaka 30, na nguvu yake ni ya kweli: mtu hulinda anachokiona ni chake. Kijiji kilichochagua mahali pa kisima na kuchimba mtaro kwa mikono yake hakitavumilia mwizi wa koki.

Hata hivyo, umiliki haukarabati mota. Mjumbe wa kamati anajitolea msimu wa kwanza. Msimu wa pili anakwenda shambani kama wengine. Aliyefundishwa ufundi ni kijana, na kijana mwenye ufundi huhamia mjini. Daftari la makusanyo linabaki kwa mtu mmoja, minong'ono inaanza, watu wanaacha kulipa, na hata mtunza hazina mwaminifu anaondoka akiwa amechafuka jina. Kwa upande wa ubora, kamati haina kabisa uwezo. Haina maabara, na pengine haijawahi kuelezwa kwamba maji hupimwa.

Kuna ushahidi wenye uzito wa pekee kutoka kwa jirani. Pampu ya Afridev, inayojulikana kote Afrika, ilitengenezwa na kujaribiwa Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980. Nia ilikuwa kupata pampu ambayo wanakijiji wangeweza kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa zana chache. Kama palikuwa na mahali ambapo matengenezo ya kijiji peke yake yangefaulu, ni Kwale. Lakini miongo mitatu baadaye pampu zikiharibika huko zilikaa wiki kadhaa kabla ya kurudi kazini. Teknolojia ilikuwa nyepesi vya kutosha. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuja.

"Tuweke fundi anayelipwa"

Majaribio yaliyofanywa Kwale na Kitui, pia Kenya, ndiyo yanayofanya msimamo wa tatu kuwa wa kuangaliwa kwa makini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa Kenya waliweka kifaa kwenye mpini wa pampu kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Vijiji vikasaini mkataba na kampuni ndogo ya mafundi, FundiFix. Vinalipa ada kidogo kila mwezi, pampu ikiharibika mafundi wanakuja, na gharama ya kipuri si ya kuchangisha siku hiyo. Muda wa pampu kukaa bila kazi ulishuka hadi chini ya siku 3.

Hapa kuna mambo mawili yanayosahaulika kila mfano huu unaposifiwa. La kwanza, fundi mmoja alihudumia pampu nyingi. Kijiji kimoja hakiwezi kumlipa fundi wa kudumu. Vijiji 20 vinaweza. La pili, ada za watumiaji hazikutosha. Pengo lilizibwa na mfuko wa matengenezo ulioundwa kwa kusudi hilo. Kwa hiyo anayeunukuu mfano wa Kwale kudai kwamba vijiji vinaweza kujilipia kila kitu vikipata utaratibu mzuri, anaunukuu nusu.

Tanzania, mantiki hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya vyombo vya jamii vinavyounganisha vijiji. Pale chombo kilipomwajiri fundi sanifu na mhasibu kweli, mambo mawili hubadilika haraka: uvujaji unazibwa kabla haujawa mgao, na daftari linasomeka. Dira za malipo ya kabla, ambazo zinafungua maji mtu akishalipia, zimeongeza mapato katika miradi kadhaa, kwa kuwa fedha haipiti mkononi mwa mtu yeyote. Zinaondoa minong'ono, na hiyo si faida ndogo.

Lakini gharama ya utaratibu huu haigawanywi sawa. Mshahara wa fundi na mhasibu unaingia kwenye bei ya ndoo. Bei ikipanda, anayeacha kuja kilulani kwanza ni mjane na mzee, na anarudi mtoni. Dira ya malipo ya kabla haina moyo wa kumkopesha jirani hadi kesho, jambo ambalo mchotishaji wa zamani aliyekaa kilulani alilifanya bila kuulizwa. Kifaa chenyewe kikiharibika, mtu wa kukitengeneza yuko mbali zaidi kuliko fundi bomba. Chombo kinachopimwa kwa makusanyo tu kitajali dira kuliko dawa, kwa kuwa koki yenye vijidudu inaingiza fedha ileile kama koki salama.

"Kila nyumba itibu maji yake"

Msimamo wa nne hausemwi sana mikutanoni, lakini ndio unaotekelezwa. Vidonge vya klorini, sufuria ya kuchemshia, chujio la ndoo. Una ukweli mmoja ambao haupingiki: maji yaliyo salama kwenye koki mara nyingi yanachafuka kati ya koki na kikombe, kwa dumu lisilooshwa, ndoo isiyo na kifuniko, kata inayotumbukizwa kwa mkono. Hata mradi bora kabisa hauondoi haja ya chombo chenye kifuniko na bomba dogo.

Kama sera, hata hivyo, ni kuhamisha mzigo kimyakimya. Unamwachia mama kuni, muda na gharama za kila siku, na siku moja ya kusahau inatosha kumwangusha mtoto. Ni kinga nzuri ya pili. Ikifanywa ya kwanza, ni kujitoa katika wajibu.

Floraidi: pale ambapo hoja zote zinakwama

Misimamo yote minne inadhani kwamba maji ya eneo yanaweza kufanywa salama kwa gharama ya kawaida. Ukanda wa Meru na Kilimanjaro unaikataa dhana hiyo. Miamba ya volkano inatoa floraidi kwa wingi usio wa kawaida. Maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, yana mamia ya miligramu kwa lita. Vijiji havinywi maziwa hayo, lakini chemchemi, mito na visima vingi vya eneo hilo vinapita kiwango. Floraidi ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika, hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mifupani, na kuna watu waliopinda miguu na mgongo kwa sababu yake. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande yanaongeza floraidi nyingine juu ya ile ya maji.

Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, baadaye 4. Kiwango cha sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kuna wanaouona mfululizo huu kama uzembe wa zamani. Nadhani hukumu hiyo ni nyepesi mno. Waliokubali 8 walikuwa wakichagua kati ya floraidi na kukosa maji kabisa, na kiu na kuhara vingeua mapema zaidi. Bado, kushusha kiwango hakushushi floraidi. Maelfu ya watu walilala wakinywa maji yanayokubalika na wakaamka wakinywa yasiyokubalika, kutoka koki ileile.

Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa na kuwekwa kwenye chujio, na floraidi inashikwa na madini ya mfupa. Inafanya kazi. Lakini mkaa ukishajaa hauonyeshi dalili yoyote. Maji yanatoka na ladha ileile, na anayelitegemea chujio hajui kwamba limekwisha mpaka mtu apime. Mifupa iliyochomwa vibaya hutoa harufu, na wapo wanaoikataa kwa imani zao. Teknolojia iliyoko kijijini, kwa hiyo, inategemea kipimo kisichoko kijijini. Njia nyingine ni kuleta maji kutoka mbali na kuyachanganya. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu takribani shilingi bilioni 520, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikuwa pia na kazi ya kupunguza floraidi kwenye maji ya jiji. Hakuna kijiji wala chombo cha jamii chenye uwezo wa namna hiyo. Kulitaka jambo hili litoke kwenye bei ya ndoo ni kuwatoza watu kwa kosa la kuzaliwa juu ya mwamba fulani.

Mizani

Nikiweka misimamo hii pamoja, wa tatu ndio wenye uzito zaidi, kwa masharti. Kazi ya kila siku, yaani kuziba, kusafisha tenki, kutia dawa na kusoma dira, lazima iwe ya mtu anayelipwa, na aajiriwe kwa kundi la vijiji, si kijiji kimoja. Kujitolea kumepewa miaka 30 na kumejibu.

Sharti la kwanza ni kwamba bei ya ndoo ilipie kazi hiyo ya kila siku tu. Mota, tenki na bomba kuu vinapofikia mwisho wa umri wake ni mali ya umma kama daraja, na vilipiwe na umma. Sehemu ya tozo ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Maji itengwe kwa matengenezo makubwa, kwa kifungu kisichohamishika. Hii itapunguza miradi mipya inayozinduliwa kila mwaka, na kuna vijiji vitakavyosubiri zaidi. Ni gharama ya kweli na isifichwe. Lakini kujenga kwa mkono mmoja huku vilivyojengwa vinakufa kwa mkono mwingine hakuvifikishi vijiji hivyo maji pia.

Sharti la pili ni kwamba vyanzo vyenye floraidi na chumvi viondolewe kabisa kwenye mzigo wa jamii. Huko serikali ibebe yote, kwa maana halisi ya neno.

Sharti la tatu linahusu madaraka ya wananchi. Jamii ikishaondolewa kazi ya ufundi, isiondolewe kwenye usimamizi. Mkutano mkuu wa kijiji uwe na haki ya kuona hesabu, kujadili bei, kumkataa msimamizi, na kuamua nani katika kijiji achote bila kulipa. Na uwe na kitu ambacho hauna leo, matokeo ya kipimo cha maji yake. Vipimo vinavyofanywa na maabara za Wizara ya Maji mara nyingi huishia kwenye faili. Karatasi moja yenye tarehe, jina la chanzo, idadi ya bakteria, klorini iliyobaki na floraidi, ikibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji na kwenye kilula, ingekifanya chombo cha maji kijali dawa kama kinavyojali makusanyo. Klorini inapimwa papo hapo kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuifanya kazi hiyo kila wiki.

Kwa hiyo, msomaji unayeishi kwenye kijiji chenye bomba: mkutano ujao usiulize tu lini maji yatatoka. Uliza maji haya yalipimwa lini mara ya mwisho, yalikutwa na nini, na fundi analipwa kutoka mfuko gani. Kisha omba majibu yabandikwe ukutani.